Mtoto Aliyeachwa Amelala

Mteja wangu wa miaka mingi kuliko wote hakuwahi kunenepa, hakuwahi kurefuka, wala hakuwahi kunirudishia nguo akidai imembana. Urefu wake ni kiganja changu. Ni wa shaba, anatambaa kwa magoti, mkono mmoja kauinua na ndani yake kashika tonge la siagi. Nimemshonea kanzu za njano, za zambarau, za zari, na kwa miezi ya ukungu hapa Newala nimemshonea koti la sufu lenye kofia. Jina lake ni Krishna, mungu wa Wahindu, enzi za utoto wake. Jirani yangu Mama Jitesh, mwenye kumtunza, alimwita Lalji. Mama Cecil, ambaye ndiye ninayetaka kumsimulia, alimwita mtoto tu.

Mimi ni fundi cherehani. Kibaraza changu kimepakana na nyumba ya marehemu Mama Jitesh, katikati kuna uchochoro ambao watu wawili wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu. Siku aliponiletea kipande cha kwanza cha kitambaa nilidhani ni nguo ya mwanasesere wa mjukuu, nikamwambia asinipotezee muda, nina sare za shule za kumaliza. Hakukasirika. Alisema, "Mama Upendo, mtoto wangu anasikia baridi. Wewe umezaa, unajua." Nikashona, huku nikisonya moyoni.

Mumewe alikuwa na duka la vitambaa, kwanza Masasi, baadaye huku juu. Alipokufa, wanawe walikuwa wameshahamia Dar es Salaam, wakamwomba mama yao awafuate. Akakataa. Alisema Lalji hapendi joto la pwani. Sisi majirani tulicheka, lakini yule bibi hakuwa anatania. Kila asubuhi alisimama nje ya mlango wa chumba cha sala, akapiga makofi mawili mepesi, akangoja kidogo ili mtoto ajigeuze, ndipo akafungua taratibu. Alimwimbia wimbo wa kumwamsha. Akamwogesha kwa maji ya vuguvugu, akamvika, akamlisha maziwa na sukari. Mchana alimlaza, jioni akamwamsha tena, akamsukuma kwenye bembea ndogo yenye minyororo ya shaba, kisha akamwimbia alale na kumfunika. Mji wetu ulivyo na shida ya maji, kipindi kile tunapanga ndoo tangu alfajiri, kuna mtu anapasha maji ya kumwogesha shaba. Niliyasema hayo kwa sauti, tena mara nyingi. Mdomo wangu hauna kufuli.

Mama Cecil alikuja kufanya kazi katika nyumba hiyo mwaka ule ule aliomzika Cecil.

Lazima niseme habari ya Cecil, ingawa inaniuma. Mama Cecil jina lake la ubatizo ni Paulina, mzaliwa wa Masasi, wa zile familia za misheni ambazo babu alikuwa katekista na kila mtoto anajua litania kabla ya kujua kusoma. Aliolewa huku na mwalimu Dunstan. Cecil alikuwa mtoto wao wa pekee, ndiyo kwanza anaanza kusimama kwa kushika kiti. Gauni lake la ubatizo nilishona mimi, na vipimo vyake viko kichwani mwangu hadi leo, kwa kuwa navyo havikubadilika tena. Ulikuwa msimu wa korosho. Mtoto alikuwa na homa usiku kucha, na kulipokaribia kupambazuka homa ikashuka, akapata usingizi. Mama mkwe akasema wamwamshe anywe uji. Paulina akasema, "Amelala vizuri, msimwamshe." Wingu la mvua lilikuwa limetanda, korosho ziko chini shambani Makote, akaenda kuziokota. Aliporudi mtoto alikuwa bado amelala vile vile, na alikuwa wa baridi.

Hakuna aliyemlaumu. Yeye mwenyewe alijilaumu kwa niaba yetu sote. Kaburini alikuwa akienda kila Jumapili baada ya ibada, anakanyaga taratibu, haongei, anaondoka bila kugusa kitu, kama mtu anayepita mbele ya chumba cha mgonjwa.

Sasa fikiria. Mwanamke huyo anapewa kazi ya kufagia na kupika, na asubuhi ya kwanza anamkuta bibi wa Kihindi mlangoni anapiga makofi ili kumwamsha mtoto. Mimi ningetupa ufagio nikakimbia. Yeye akabaki, akabaki miaka.

Ndani ya chumba cha sala hakuingia. Mwenye kumhudumia Lalji sharti awe ameoga, hajala, tena awe wa imani yao. Mama Cecil aliishia kizingitini. Alipitisha maji, akapokea vyombo, akatazama. Picha za ukutani alizijua zote akanieleza mimi nikiwa natia uzi: yule mwenye kichwa cha tembo ni Ganesh, huimbwa wa kwanza kwa sababu ndiye anayefungua njia, yule mama aliyempanda simbamarara ni Amba, wale wawili waliovaa mataji ni Rama na mkewe Sita, na anayewapigia magoti ni Hanuman, mwenye sura ya nyani na moyo mkubwa kuliko wa watu wengi. Nilimuuliza kama anawaamini. Akasema, "Nimekwambia majina yao, Mama Upendo. Sijakwambia nasali kwao."

Zamani Wahindu wa Masasi na wa hapa walikutana kwa Mama Jitesh sikukuu ya kuzaliwa Krishna, wakaimba na matoazi na kinanda kile cha kuvuta upepo kwa mkono. Mmoja anatupa mstari, wengine wanajibu, majina ya mungu yanazunguka chumba kizima, Govinda, Gopala, taratibu kwanza, halafu kwa kasi, mpaka cherehani yangu inafuata mapigo bila mimi kutaka. Familia zikahama moja moja. Waitikiaji wakapungua hadi bibi akawa anaimba peke yake. Lakini mazoea ni mazoea: alitupa mstari, akanyamaza pale ambapo watu hujibu, kisha akatupa mwingine. Ukimya ule ulikuwa mbaya kuusikiliza. Nilikuwa naachia mguu kwenye cherehani ili pasiwe kimya.

Jioni moja bibi akatupa mstari, akanyamaza, na jibu likatoka jikoni. Mama Cecil alikuwa anakuna nazi. Alijibu bila kuacha kukuna, kwa sauti ile ile anayojibia litania kanisani. Bibi akatupa mstari wa pili. Tangu siku hiyo waliimba wawili, mmoja ndani, mmoja kizingitini.

Mji ni mdogo. Maneno yakafika kanisani, na nakiri hayakuhitaji nauli, uchochoro ulitosha. Padri Emmanuel akamwita. Mama Cecil ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo za akina mama Jumapili, na wengine walikuwa wamelalamika.

"Mama Cecil, unamwabudu nani katika nyumba ile?" aliuliza padri.

"Baba, kule namwimbia mtoto alale. Kuabudu naabudu hapa, wewe mwenyewe unaniona."

Padri alifikiri sana, maana si mtu mbaya, kisha akamwomba apumzike kidogo kuanzisha nyimbo. Alipumzika. Akakaa benchi la nyuma na kujibu kama wengine, na mimi nikaona aibu ambayo sikumwambia mtu.

Mwaka jana, kwenye baridi kali ya mwezi wa saba, Mama Jitesh aliugua kifua. Sauti ikakauka. Alimhudumia Lalji kwa mikono inayotetemeka, na wimbo ulitoka wote kizingitini. Jioni moja alikuwa ameshamlaza na kumfunika, Mama Cecil amemaliza kumbembeleza, ndipo Jitesh akaingia na gari kutoka Dar kumpeleka mama yake hospitali. Bibi alikuwa hawezi tena kusema. Walimbeba amekunjwa ndani ya blanketi. Nilishika tochi. Jitesh, jasho linamtoka katika baridi ile, akageuka mlangoni akauliza, "Na Lalji? Tumchukue?"

Alimuuliza Mama Cecil kwa kuwa ndiye aliyejua. Na Mama Cecil akajibu, "Amelala vizuri, msimwamshe. Mtarudi."

Gari likaondoka. Jitesh alikuwa amefunga nyumba kwa kufuli kubwa na funguo zote kaondoka nazo. Mama Cecil alisimama uchochoroni hadi taa nyekundu zikapotea, kisha nikamwona anakaa chini taratibu, pale pale kwenye udongo, mkono mdomoni. Alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe.

Mama Jitesh alifariki Dar wiki hiyo hiyo. Tulipata habari kwa simu. Alfajiri iliyofuata nilikuwa natoa cherehani kibarazani, ukungu mzito, sioni hata ukuta wa pili. Nikasikia makofi mawili. Kisha nikasikia Mama Jitesh anaimba.

Sikusikia vibaya. Ilikuwa sauti yake, na ile pumzi ya kukwama katikati ya neno, na matamshi yake ya Kigujarati. Nilisema Baba Yetu hadi "utuokoe" nikakwama hapo. Mwishowe hasira ikanishinda woga, maana siwezi kutishwa kwenye kibaraza ninacholipia kodi, nikaingia uchochoroni. Chini ya kidirisha cha chumba cha sala alikuwa amesimama Mama Cecil, peku, kichwa amejitanda kanga.

"Unataka kuniua?" nilisema.

"Hajaamshwa, Mama Upendo," alisema. "Tangu walipoondoka hajaamshwa."

"Ni shaba."

"Ndiyo. Nimeuambia moyo wangu hivyo hivyo. Hausikii."

Akampigia Jitesh simu mbele yangu. Jitesh alikuwa kwenye msiba, akamjibu kwa upole. Alisema kwao nyumba ikifiwa, ibada husimama kwanza, na kwamba atakuja akipata nafasi. Mama Cecil akasema, "Baba, msiba ni wetu wakubwa. Mtoto anajua nini?" Huko Jitesh akasema basi, atakuja.

Hakuja mwezi huo wala uliofuata. Ana kazi, ana watoto, simlaumu. Kila alfajiri makofi mawili, wimbo wa kuamsha. Kila jioni wimbo wa kulaza, ingawa hakuna aliyeamka wa kulazwa. Mama Cecil alikonda hadi nikampunguzia sketi mara mbili. Mwalimu Dunstan alinieleza kwamba usiku anashtuka anakaa kitandani, anauliza, "Ameamka?" na yeye Dunstan hajui anaulizwa habari ya yupi kati ya wawili. Watoto wa mtaa wakaacha kupita uchochoroni. Mteja wangu mmoja wa Mnyambe akahamia kwa fundi mwingine, anasema kwangu kuna kitu.

Kulikuwa na asubuhi moja ambayo Mama Cecil alikuwa Masasi kwenye mazishi ya shangazi yake. Nilikaa kwenye cherehani nikifurahia ukimya. Halafu ndani ya ile nyumba nikasikia minyororo ya bembea. Inajulikana, ina mlio wake, kwanza mfupi halafu mrefu. Nikasema panya. Nikaendelea kusema panya kwa sauti kubwa mpaka mlio ukakoma. Mama Cecil aliporudi sikumwambia, na sijui hadi leo kama nilimhurumia au nilijihurumia.

Jitesh alikuja msimu wa korosho, mchana, na mnunuzi wa nyumba akimfuata siku inayofuata. Alikuwa amezeeka kwa miezi ile. Alimsalimia Mama Cecil, "Shikamoo, mama," akamshika mikono yote miwili. Akafungua kufuli. Ndani kulikuwa na harufu ya ubani wa zamani na vumbi. Mimi nilifuata nyuma, sikualikwa.

Jitesh alinyoosha mkono kwenye mlango wa chumba cha sala, na Mama Cecil akamzuia kwa kiganja kifuani.

"Piga makofi kwanza."

Mwanamume mzima, mfanyabiashara, akapiga makofi mawili. Tukangoja. Kisha akasema, bila kututazama, "Wimbo siukumbuki. Mama, mwamshe wewe."

"Mimi siingii humo."

"Aliyekuwa na haki ya kukuzuia ameshakufa. Ingia."

Alivua viatu. Akaingia akiimba, sauti ndogo mno, na nilimwona akichelewa kwa kila hatua. Kitanda kilikuwa kidogo kama sanduku la viatu, pazia limefungwa, vumbi limetanda juu yake. Akafungua pazia. Akafunua shuka. Alikaa muda mrefu mikono iko hewani kabla ya kugusa, na hapo nikaelewa anaogopa nini, maana mikono ile ilishawahi kufunua shuka jingine.

Akamwinua. Akashusha pumzi.

"Ana joto," alisema.

Jitesh akamgusa shavuni kwa kidole. "Mama, ni wa baridi. Baridi kama sufuria."

"Ana joto. Mshike mgongoni, hapa alipolalia. Mama Upendo, njoo umshike."

Walinigeukia wote wawili, yule akitaka niseme hivi, huyu akitaka niseme vile. Nimegusa kila kitambaa kilichowahi kugusa shaba ile, lakini mwenyewe sikuwahi kumgusa. Mikono nikaificha ndani ya kitenge. Niliogopa majibu yote mawili.

Mama Cecil alimwogesha, akamvika kanzu ya njano, ya mwisho niliyomshonea. Jitesh alisema atampeleka kwenye hekalu Dar, wapo watu wengi, huimbwa asubuhi na jioni, hatakuwa peke yake. Mama Cecil alisikiliza kila neno. Akamuonyesha namna ya kumpakata, akamwambia njia ya Nanganga ina vumbi, amfunike uso. Hakulia. Gari lilipoondoka alipunga mkono kama tunavyompungia mtoto anayekwenda kusalimia bibi yake.

Nilidhani yameisha. Kesho yake niliamka mapema kuliko kawaida, nikakaa kibarazani na nguo ya mtu mapajani bila kutia hata uzi. Uchochoro ulikuwa mtupu. Kwa mara ya kwanza ukimya haukunifurahisha. Kengele ya sala ya asubuhi ikalia, nikajifunga kitenge nikaenda kanisani, mimi ambaye siku za kazi padri huniona kwa nadra.

Mlangoni sikufika. Ukungu ulikuwa umelala chini upande wa makaburi, na kutoka huko nikasikia makofi mawili mepesi.

Mama Cecil alikuwa amesimama miguuni pa lile kaburi dogo, viatu kavua. Aliacha nafasi kidogo, ya mtoto kujigeuza. Kisha akaanza ule wimbo wa kuamsha, na pale alipokuwa akitaja Lalji akamtaja Cecil. Aliuimba hadi mahali pa kujibiwa, akanyamaza.

Nilitaka kurudi nyuma, miguu ikakataa. Wimbo ule nimeusikia ukutani kwangu miaka yote, najua unakokwenda. Aliurudia mstari, akanyamaza tena, na kimya kile kilikuwa ndicho kile cha Mama Jitesh, ila hapa hapakuwa na cherehani ya kukiziba. Nikajibu. Sauti haikutoka vizuri, ilitoka nyembamba, ya juu, nami mwenyewe sikuitambua.

Mama Cecil hakugeuka.

"Umeamka, baba?" aliuliza.

Nikaitika.